Nimerudi na mizizi, nyumbani wananiona mgeni

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Mbeya na nina meza ya batiki pale Mwanjelwa. Kazi hii nimeifanya miaka 11. Alinifundisha wifi yangu, na mpaka leo tunaifanya pamoja: mimi nachovya nyumbani, yeye anauza sokoni. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemweleza habari hii ananijibu kabla sijafika katikati.

Ilianza na kifua. Nikichanganya kostiki na haidrosi, dawa za kuchovyea batiki, kwenye beseni, ule mvuke ukipanda nakohoa mpaka machozi yanatoka. Vidole vimebabuka, hata kumenya ndizi naona tabu. Mwezi wa kwanza mwaka huu nililala ndani wiki mbili kwa kikohozi, na siku hizo nikawa namkumbuka sana bibi mzaa mama, wa Kilolo. Alikuwa na kikapu cha milulu chenye mistari myekundu, wekundu wa tofali lililoiva vizuri. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza rangi ile aliinunua duka gani, akanionyesha mlima kwa kidevu. Bibi alifariki mwaka 2009. Kikapu kipo kwa mama yangu, kinawekewa mahindi ya mbegu, na mistari ile bado inaonekana.

Nikaamua kwenda kuitafuta rangi hiyo. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo nilimuaga kwa simu. Nilimwambia naenda kumsalimia mama. Nauli na matumizi niliyatoa kwenye mkopo wa kikoba, shilingi 380,000, ambao niliandikisha kwamba ni wa kununua majora ya kitambaa. Watoto niliwaacha na mama mkwe. Nilisema siku tano, nikakaa siku 19.

Shangazi, sijui nikueleze vipi siku hizo. Ilikuwa Machi, mvua kila mchana. Njombe nilifika usiku, nikapanga chumba, na nilipofunga mlango nikagundua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kulala peke yangu chumbani. Nilitoka kwa mama nikaenda bwenini, nikatoka bwenini nikaolewa. Nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka saa sita usiku, naogopa, halafu woga ukaisha wenyewe, nikalala usingizi ambao sijaupata miaka mingi. Asubuhi pale stendi nilikunywa chai, na mama muuza maandazi akaniuliza, "Dada, wewe nani mwenzetu, na unaelekea wapi?" Nikakosa la kusema. Nimezoea kuwa mama fulani, mke wa fulani, wifi wa fulani.

Makete ilikuwa taabu. Nilikuwa pembeni mwa njia nachimba mzizi mmoja kwa kisu, wakaja vijana wawili, mara wakawa watu ishirini. Walidhani nanunua chikanda, ile mizizi ya maua inayopelekwa Zambia. Mfuko wangu ukamwagwa chini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nilijieleza mpaka sauti ikakauka, mimi ambaye sokoni wifi ndiye anayenisemea! Mwishowe mke wa mwenyekiti akanipa ugali na mahali pa kulala, lakini mfuko sikurudishiwa.

Kilolo nilimpata bibi mmoja aliyemfahamu bibi yangu. Nilidhani atanionyesha siku hiyohiyo. Siku nne hakusema lolote kuhusu rangi. Nilichota maji, nikapalilia maharage yake, jua likitoka nikaanika milulu. Siku ya tano akachukua jembe akasema twende. Ukingoni mwa msitu akanionyesha mmea unaotambaa juu ya vichaka, majani yake manne manne yamezunguka shina, ukiugusa unang'ang'ania nguo. Akafukua kidogo, mzizi mwembamba tu, akaukwaruza kwa ukucha: mwekundu. Nililia palepale. Akafukia tena. Nikamwomba nichukue hata kidogo, akasema, "Leo umeuona. Njoo mvua ikishakata, mzizi ukiwa umetulia, ndipo tuchimbe."

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nikuandikie. Nilirudi na kiroba cha magome na mizizi ya huku na huku, nikaitundika jikoni ikauke. Mama mkwe alipoiona aliishia mlangoni, na tangu siku hiyo hali chakula kwangu. Majirani wanasema nimeenda kuchukua uganga. Mume wangu aliporudi safari alisema, "Uliondoka mke wangu, amerudi mtu mwingine." Hakufoka. Afadhali angefoka.

Kabla ya Pasaka nikachovya vipande 14 kwa rangi za asili: binzari ya manjano, choya, na magome yale. Vilipendeza, wifi mwenyewe alisifu, tukauza kwa bei ya juu. Mwezi wa tano vikaanza kurudi. Vya manjano vimekuwa vyeupe kwa jua la kamba tu. Vya choya vimekuwa rangi ya majivu. Wateja tisa tumewarudishia fedha. Wifi sasa hanisemeshi ila kwa kazi.

Na kuna neno ambalo sijamwambia mtu. Katika zile siku 19 zilikuwepo siku nzima ambazo sikuwakumbuka watoto wangu. Mimi ni mama wa namna gani? Na pamoja na hayo yote nataka kwenda tena. Nimepanga miezi mitatu kuanzia Julai: Rungwe, Mbozi, Ludewa, Songea, mpaka Sumbawanga, nizunguke kote nikusanye kila mmea wenye rangi. Nafikiria kuuza cherehani nipate nauli. Niende, Shangazi, au nitulie nichovye batiki kama zamani?

Mama wa Batiki, Mwanjelwa

*

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Nimepigia mstari sentensi tatu, na hakuna hata moja inayohusu miezi mitatu. "Akafukia tena." "Mfuko sikurudishiwa." Na "nilimwambia naenda kumsalimia mama." Nitazifikia zote.

Nilifundisha sayansi kimu miaka 24, Njombe na Iringa, na mama yangu alikuwa msusi wa vikapu. Kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo ya moyo na mambo ya sufuria. Kwako yameshachanganyika tayari.

Nianze na watoto, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mume wako analala Tunduma kwenye foleni ya malori, pengine siku mbili, pengine nne, na sidhani amewahi kujiuliza yeye ni baba wa namna gani kwa kuwa mchana mmoja alifikiria tairi na breki tu. Akili yako wewe haijawahi kupewa mchana mzima wa jambo moja. Ilipopewa, ikazama. Watoto walikuwa kwa bibi yao, wanakula, wanakwenda shule, na ulijua hivyo. Mama anayejua mwanawe yuko hatarini hasahau hata akitaka. Ujitue mzigo huo. Ila nakuomba, hayo ya Tunduma usiyageuze fimbo ya kumchapia mumeo siku mkigombana.

Kuna mzigo mwingine ambao ni wako kweli. Mumeo ulimwambia unaenda kwa mama, na wanakikoba ukawaambia unanunua majora. Anaposema amerudi mtu mwingine, sisikii mtu anayelalamikia magome. Nasikia mtu ambaye hajui mke wake alikuwa wapi siku 19. Mimi usiyenijua umenieleza habari ya chumba cha Njombe na viatu miguuni. Yeye umemweleza? Msimulie kama ulivyonisimulia mimi, bila kukata, pamoja na lile kundi la Makete na sauti iliyokauka. Mwache aone kwamba huyo mtu mwingine ni mwanamke aliyesimama mbele ya watu ishirini akajitetea mwenyewe. Nadhani atapenda kumfahamu. Na kikoba usisubiri kikao. Mfuate mweka hazina nyumbani kwake wiki hii, umweleze fedha zilikokwenda na utarejesha kiasi gani kila juma. Wakilisikia kutoka kwako watanuna. Wakilisikia kwa mtu mwingine hawatakukopesha tena, na fedha hiyo utaihitaji.

Mama mkwe usimlaumu. Mtu anayechimba mizizi asiyoieleza, akaitundika jikoni, huku kwetu anaeleweka kwa namna moja tu. Itoe jikoni leo. Hata bila habari ya uganga, magome usiyoyajua jina hayakai karibu na unga wa watoto, na sufuria ya rangi haipikiwi ugali tena mpaka mwisho wa dunia. Chemsha rangi zako uani, mchana, watu wakipita. Mtandikie mama mkwe mkeka akae akuone. Muulize habari za kaniki, ile nguo ya nili iliyokoza mpaka ikawa kama usiku, ambayo wazee wa rika lake waliiona ikivaliwa kila siku. Muulize nani kijijini kwao alijua kuikoleza ikichuja. Huenda hajui lolote. Lakini atakuwa ameona maji, kuni na kitambaa, hakuona tunguri.

Sasa vile vitambaa vilivyorudi. Hapa nataka tukae, kwa sababu naona umeanza kuamini kwamba rangi za mlimani zimekudanganya, na wifi ameshaamini.

Ulichagua rangi mbili zinazokimbia upesi kuliko karibu zote, ukazitia kwenye kitambaa ambacho hakikuandaliwa. Manjano yanashika pamba papo hapo bila dawa yoyote, ndiyo maana yanahadaa. Jua linaivunja rangi yake kwa muda mfupi, na hakuna fundi wa kuizuia. Choya wekundu wake unategemea uchachu. Ikikutana na sabuni inageuka, ikikutana na jua inakufa. Choya iache iwe ya kunywa.

Pamba ya dukani ina nta yake ya asili na wanga wa kiwandani. Pamba hiyo ichemshe saa nzima au zaidi kwa sabuni na magadi kidogo; utashangaa maji yanavyotoka ya kahawia kwenye kitambaa unachokiona cheupe. Isuuze, halafu itie tanini, yaani kile kinachokaza ulimi ukinywa chai iliyokaa. Pamba na shabu hazielewani vizuri zikikutanishwa peke yake. Tanini ndiyo mshenga wao. Na kwa tanini umezaliwa mahali pake: Njombe imejaa miwati, na gome lake limekamuliwa tanini ya kusindikia ngozi tangu enzi za ukoloni. Mti huo asili yake ni Australia, unakatwa kwa kuni na mkaa, kwa hiyo gome unaliokota kwa wakata miti na hujaua kitu. Utaacha wekundu kidogo wa udongo kwenye nguo, ulijue hilo mapema. Baada ya tanini ndipo ifuate shabu, ileile ya kusafishia maji: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Tumia mizani, mwanangu, usikadirie kwa kiganja. Shabu ndiyo inayoishikilia rangi isitoke, na ukikosea hapo hata mzizi wa bibi wa Kilolo utakimbia.

Kisha jaribu kabla ya kuuza. Kata ukanda mrefu, nusu uifunike kwa kipande cha boksi, uuache dirishani penye jua wiki nne, halafu ufunue ulinganishe. Ukanda mwingine ufue kwa sabuni mara tano. Kisichopita hapo hakiendi Mwanjelwa. Ulitoza bei ya juu kwa kitu ambacho hukukijaribu, hilo lilikuwa kosa, na kurudisha fedha kulikuwa uungwana. Tunza namba za wale tisa. Siku utakapokuwa na kipande kilichopita dirishani, wao ndio wa kwanza kukiona.

Wakati unajifunza, vipo vingi visivyohitaji nauli. Maganda ya vitunguu vinavyoteremshwa sokoni kwako kutoka Ruaha Mbuyuni yanafagiliwa kila jioni, nayo yanatoa dhahabu nzuri. Kokwa za parachichi za Rungwe zinatoa waridi lenye udongo ndani yake, rangi ambayo hutaipata kwenye kopo lolote. Kishonanguo kinachokuganda kwenye sketi kina njano ya kuelekea machungwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho asili yake ni milima yetu, nakiri. Lakini mkono wako utajifunza, na mkono ukishajua hautaupoteza mzizi wa bibi kwa majaribio.

Na hapo nakujibu: miezi mitatu usiende, na cherehani usiuze.

Sikukatazi safari. Nakukataza hiyo orodha. Rungwe, Mbozi, Ludewa, Songea, Sumbawanga. Kila mahali kwenye orodha hiyo utakuwa mtu wa siku ya kwanza. Makete ulikuwa mtu wa siku ya kwanza, mwenye kisu, na mfuko wako ukamwagwa. Kilolo ulikuwa mtu wa siku ya kwanza pia, ila ulikuwa na jina la bibi yako, na hata hivyo ulikaa siku nne unachota maji. Unafikiri ulikuwa unapoteza muda siku zile? Bibi alikuwa anakuangalia ukipalilia. Anataka kujua mtu huyu akipewa jembe msituni atalitumiaje.

Wale wa Makete usiwashike moyoni. Okidi, maua ya uwanda wa Kitulo huko Makete, zile ambazo viazi vyake vinavushwa hadi Zambia kutengenezea chakula cha chikanda, zimechimbwa sana, na ukichimba kiazi mmea umekwisha, hautachipua. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Ukiingia mle huchumi hata jani. Kwenye misitu ya serikali unahitaji kibali cha watu wa misitu, na kijijini unaanzia ofisi ya mtendaji, na barua ya utambulisho kutoka mtaani kwako, kabla kisu hakijatoka mfukoni. Ungefanya hivyo ungerudi na mfuko wako.

Kuna habari ya Botswana ambayo nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu. Wasusi wa kaskazini-magharibi ya nchi ile wanatoa kahawia kwenye mizizi ya mti wa jamii ya mdaa, huu mdaa ambao watu wetu wa pwani wanaujua kwa kutilia ukindu rangi. Wekundu wanautoa kwenye gome la mti mwingine, Berchemia. Vikapu vyao vikapendwa, vikauzwa ng'ambo kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 miti ile ikawa adimu karibu na vijiji. Hawakuwa watu wabaya wala wavivu. Soko lilikimbia kuliko mzizi. Wewe una meza sokoni, mwanangu, na siku wekundu wa bibi yako utakapopendwa Mwanjelwa, nani atahesabu mimea iliyobaki pale ukingoni mwa msitu?

Mmea wenyewe, kwa ulivyoueleza, majani manne manne na kung'ang'ania nguo na mzizi mwekundu, naamini ni ule ambao wataalamu wanauita Rubia cordifolia. Ndugu yake alilimwa Ulaya na Uturuki karne na karne kwa rangi hii, na mkulima alikuwa akisubiri miaka 3 hivi ndipo achimbe. Soma tena barua yako mwenyewe: akafukua kidogo, akakwaruza, akafukia tena. Somo lilikuwa pale, na naona machozi yalikuzuia kuliona.

Basi nenda Agosti, mvua imekata, siku kumi, Kilolo peke yake. Mtakapochimba, chukua mizizi ya pembeni na umwachie mama mti shina lake. Omba kipande chenye mizizi ukipande uani kwako penye kivuli kidogo, uanze kuhesabu miaka yako mitatu. Ukichovya, maji yawe ya moto yasifike kuchemka, moto mkali unaugeuza wekundu kuwa rangi ya udongo. Halafu rudi Machi, uuone mmea ukiwa na majani, na Agosti nyingine. Ukienda mara ya tatu hutakuwa mgeni, na bibi atakuambia vitu ambavyo huwezi kumuuliza sasa kwa sababu hujui kama vipo.

Beba daftari nene. Kila mmea upe kurasa mbili: upande mmoja kitawi ulichokikausha kati ya magazeti, upande wa pili jina kwa Kihehe, mahali, mwezi, nani alikuambia, na uzi uliochovya. Majina yanahamahama, neno moja Kilolo ni mmea huu na Tukuyu ni mwingine, na kosa linaweza kuwa baya. Utupa, ule wa kulevya samaki, ni wa jamii moja na mnili, mmea unaotoa rangi ya nili, na kwa jicho geni unafanana nao. Ukikwama, vitawi vilivyokaushwa vizuri vinaweza kutambuliwa na watu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, Arusha.

Nimeutaja mnili, na hapa pana jambo ambalo wifi yako anapaswa kulisikia. Mnili mmoja ni wa Afrika yetu, Indigofera arrecta. Waholanzi waliuona unafaa kiasi cha kuupeleka Java, ukaitwa nili ya Natal. Rangi yake haiyeyuki kwenye maji. Lazima uipeleke kwenye maji makali ya majivu au chokaa, uinyime hewa, ndipo ilegee. Kitambaa kinatoka kwenye chungu kikiwa cha kijani, unakiinua, na hewa ikikigusa kinageuka buluu mbele ya macho yako. Sasa fikiria beseni lako. Kostiki inafanya kazi ya majivu. Haidrosi inainyima rangi hewa. Rangi unayochovya inabadilika ukiinua kitambaa. Miaka 11 umekuwa ukifanya kazi ya nili kwa njia ya dukani! Wifi yako alikufundisha jambo ambalo wazee wa Kano nchini Nigeria wanalifanya kwenye visima vya nili mpaka leo. Mwambie hivyo, kwa heshima, kabla hujamwambia chochote kuhusu mizizi. Ulipozikimbilia rangi za mlimani, huenda alisikia kwamba alikufundisha ubaya.

Huwezi kuacha batiki mwezi huu, watoto wanakula kwayo. Lakini kifua hicho kipeleke hospitali, na umwambie daktari majina ya dawa unazochanganya, usiseme kikohozi tu. Changanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, glavu ndefu mkononi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke ule, usijidanganye nayo. Mezani tengeni kona moja ndogo ya rangi za mimea, vipande viwili au vitatu vilivyopita dirishani, na wifi ndiye apange bei. Yeye anawajua wateja.

Kwa Agosti, muulize mumeo atapita lini kuelekea Dar es Salaam. Njia yake ni Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo chini ya mji wa Iringa, na njia ya Kilolo inaanzia hapohapo. Mwombe akupeleke yeye mwenyewe, mle ndani ya lori, saa zote hizo mkiwa wawili. Mbebee bibi sukari, chumvi na sabuni, na kipande kimoja cha choya kilichogeuka majivu, umwonyeshe bila aibu. Na kabla ya kuondoka mwombe mama yako akuazime kile kikapu. Mimina mahindi kwenye ndoo, ukifute vumbi, uende nacho Kilolo. Bibi yule alimfahamu aliyekisuka. Kiweke mapajani pake, umwache apitishe kidole kwenye mistari ile.